Piki ipi inafaa kufuli lako: soma ufunguo kwanza, seti baadae

Wakuu, kila anayeanza huu mchezo wa kufungua kufuli bila ufunguo anauliza anunue seti gani ya piki, yaani vile vyuma vyembamba vya kuchokonolea kufuli, na akishapata hela anaagiza ile ya vipande ishirini na kitu yenye kufuli la plastiki la kuonea ndani, inafika, anaimwaga mezani na kuanza kujaribu kimoja kimoja. Sa hapo ndo muda unapotea, maana umbo la piki linaamuliwa na tundu la ufunguo na meno ya ufunguo wenyewe. Kwenye iyo seti yote utakazotumia kweli ni tatu, labda nne.

Kabla sijaendelea: kufuli liwe lako au mwenyewe kakuruhusu, na lisiwe lile linalotumika getini au dukani. Ili la pili watu wanalipuuza, ila pini ikikwama au springi ikipinda utalala nje. Na seti ibaki nyumbani, ukikutwa nayo barabarani saa sita usiku hakuna polisi wa Dar wala Nairobi atakayekaa kukusikiliza unaeleza habari za hobi.

Ndani kuna nini? Kufuli la pini, hili ambalo Linus Yale Jr. wa Marekani alilipatia hataza mwaka 1861 na mpaka leo kufuli la Tri-Circle la duka la vifaa vya ujenzi linatumia mtindo uleule, lina silinda inayozunguka na vitundu vyenye pini mbili mbili, moja inagusa ufunguo, ya pili iko juu yake inasukumwa na springi. Pale pini izo mbili zinapokutana pakikaa sawasawa na ukingo wa silinda, kwa vitundu vyote, silinda inazunguka. Wewe unaikaza silinda kidogo kwa chuma ya tensheni, ile unayoichomeka kwenye tundu la ufunguo pamoja na piki, kama unataka kuizungusha, na kwa sababu hakuna kiwanda kinachotoboa vitundu vikanyooka kabisa, pini moja inabanwa kabla ya zingine. Unaipandisha iyo mpaka usikie mlio mdogo, alafu unaenda kuitafuta inayofuata. Kazi ya piki ni kuifikia pini moja bila kuwasumbua majirani zake, basi.

Sasa chukua ufunguo wa kufuli lako la mazoezi uutazame kwa ubavu. Palipokatwa kina kirefu, pini yake ni ndefu na inataka kupandishwa kidogo tu. Palipoachwa juu, pini ni fupi na inataka kupandishwa sana. Kama meno yanapanda na kushuka taratibu, kulabu fupi, yaani piki yenye ncha iliyopinda juu kidogo, inatosha, na hata reki, ile piki ya mawimbimawimbi, inaweza kulimaliza kwa muda mfupi. Shida iko ukiona bonde la kina karibu na shingo ya ufunguo alafu nyuma yake kuelekea nchani kuna mlima, maana apo pini ya mbele hata ikishakaa sawa inabaki inaning'inia kwenye tundu, na ya nyuma yake inataka kupelekwa juu kabisa. Ukiingiza kulabu fupi na kuinyanyua uifikie ile ya nyuma, shingo ya piki inaisukuma ya mbele ipite kiwango chake, inakwama juu, inabidi ulegeze tensheni na uanze upya. Kwa kufuli la namna iyo ndo unatoa kulabu ndefu, ncha inapanda juu huku shingo imebaki chini.

Kulabu fupi ndo ya kununua kwanza, sibishani na mtu kwenye ili. Inaingia karibu kila tundu, inakupa hisia nzuri mkononi ya pini ipi imebanwa na ipi inacheza na springi tu, na inakufundisha. Kulabu ndefu usianze nayo, kwenye tundu jembamba haina pa kugeukia na anayeanza anapitiliza pini kila saa.

Nusu almasi, ile yenye kipembe kama kilima, iko kwenye kila seti na watu wanaidharau ila mimi naipenda kwa kufuli ndogo ndogo ambazo tundu lake fupi halina nafasi ya kulabu. Kilima chake kikiwa na mteremko mkali kinatenganisha pini vizuri, kikiwa cha mteremko mpole kinateleza haraka na unaweza kukipitisha kwenye pini zote kwa mkupuo.

Reki, zile za mawimbimawimbi au za umbo la nyoka, ni habari nyingine. Apo hautafuti pini moja moja, unaingiza, unatikisa na kupandisha kushusha kwa tensheni nyepesi mno, ukibahatika linafunguka. Master Lock No. 3, ile ya mabamba ya chuma yaliyopangwa, ina pini nne na inafahamika dunia nzima kwa kukubali reki. Ukikutana na kufuli lenye pini zenye kiuno, yaani nyembamba katikati, mfano Master Lock 140, reki inaanza kukwamakwama: silinda inazunguka kidogo ukadhani umemaliza, kumbe kiuno cha pini ndo kimenasa. Rudi kwenye kulabu, pandisha ile pini polepole huku ukilegeza tensheni kwa uangalifu, utaona silinda inarudi nyuma kidogo alafu pini inakaa. Anayeishi kwa reki peke yake haujui huu mchezo, ana bahati tu.

Zile zenye gololi moja au mbili mwishoni zimewekwa kwa ajili ya kufuli za visahani, zenye vibamba vyembamba badala ya pini, kama za droo na makabati ya ofisini. Sijaona sababu ya kuzinunua, nusu almasi inaifanya kazi iyo iyo.

Sasa unene, na hapa ndo wengi wanalaumu umbo bila sababu. Piki nyingi za bei rahisi zina unene wa kama milimita 0.6, ambao ni sawa kwa tundu pana. Tundu likiwa jembamba lenye kona kona, chuma inasugua pande zote mbili na hausikii pini tena, unasikia ukuta. Tafuta za milimita 0.5 au 0.4. Jaribio lake rahisi: ingiza piki mpaka mwisho bila tensheni, ipandishe na kuishusha, kama haichezi kwa uhuru basi umbo lolote utakaloweka halitakusaidia.

Na tensheni nayo inakula nafasi. Ukiichomeka upande usio na pini, kama seti nyingi zinavyoonyesha, imekalia sehemu ambayo shingo ya piki ingepita. Ile bapa ya kuchomeka mdomoni mwa tundu upande wa pini inaacha njia wazi, na mara nyingi kulabu iliyokuwa haigeuki inaanza kugeuka bila kubadilisha piki. Jaribu ivo kwanza kabla ya kutoa hela nyingine.

Kitu kingine, vitasa vingi vya milango ya ndani huku kwetu, zile za ufunguo mrefu wenye bamba moja la meno mwishoni, Union na ndugu zake, hazina pini. Zina liva, yaani vibamba ambavyo ufunguo unavinyanyua. Zinafunguka, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli la liva la Chubb mbele ya mashahidi London mwaka 1851, lakini vifaa vyake ni vingine kabisa, kulabu yako ya kawaida itazurura humo bila kazi. Na zile funguo bapa zenye vidimbwi ubavuni zinataka piki yenye kibendera nchani, nayo tuiache kwa leo.

Kama hela ni ndogo tengeneza. Blade ya msumeno wa chuma ina unene wa karibu milimita 0.6, toa meno, chora kulabu fupi, kata kwa grenda na malizia kwa tupa na msasa laini mpaka kusiwe na ukingo wa kukwaruza. Vile vyuma bapa vya ndani ya waipa za gari vilivyochakaa vinafaa kwa tensheni, muulize fundi gereji yeyote. Unapokata na grenda chovya kwenye maji kila mara, sehemu ikigeuka bluu ujue chuma imelegea na itapinda kwenye pini ya kwanza, kata apo uchonge upya.