Kabla hujanunua fimbo ya pool iliyotengenezwa kwa mkono, ifungue

Muuzaji akikupa fimbo, usianze na jina la fundi. Ifungue kwenye kiungo, uviringishe kila kipande peke yake mezani, jicho likiwa usawa wa kitambaa. Ukiona mwanga unachezacheza chini yake, imepinda. Kisha viunganishe uviringishe tena, maana vipande viwili vilivyonyooka vinaweza kuungana vibaya.

Sasa njoo kwenye ncha za mapambo, yaani zile mbao zilizochongoka zilizopachikwa juu ya mshikio. Hapa mimi huwa nakaa hata nusu saa na kioo cha kukuzia. Fundi aliyechonga mifereji na kupachika mbao kwa gundi huacha ncha kali kama ya sindano. Ncha ikiwa butu kidogo, mara nyingi ni kazi ya mashine inayoongozwa na kompyuta. Hesabu pia zile mbao nyembamba za rangi zinazozunguka ncha. Kwenye kazi nzuri mistari yake haikatiki popote.

George Balabushka alianza kutengeneza fimbo Brooklyn, New York, mwaka 1959, akafariki 1975. Za kwake zinatafutwa mno, ndiyo maana za kughushi ni nyingi. Sahihi pekee isikutoshe, ndugu yangu; omba historia ya waliowahi kuimiliki.

Ikiwa na pembe za ndovu, uliza sheria kabla ya kuivusha mpaka.

Na tafadhali, usiipige msasa ing'ae. Mimi niliwahi kumpa fundi fimbo ya zamani, ikarudi inameta, na wanunuzi wote wakakataa bei yangu.