Ukiambiwa Mwili Wako Una Sumu: Namna ya Kupima Maelezo ya Tiba Mbadala Kabla ya Kumeza Dawa

Jina "baridi yabisi" limebeba nadharia nzima ya tiba. Yabisi ni kavu, na katika tiba ya kale iliyotoka kwa Wayunani ikafika kwa Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa Kiajemi, kila ugonjwa ulikuwa na mizaji yake: wa joto au wa baridi, mkavu au wenye unyevu. Hata safura, tunayoihusisha leo na minyoo na upungufu wa damu, hapo zamani ilikuwa nyongo ya manjano, moja ya vimiminika vinne pamoja na damu, balghamu (makohozi) na sauda (nyongo nyeusi). Kwa hiyo tabibu anayekuambia mwili wako umepoa habahatishi maneno. Ana ramani yake. Kabla hujameza chochote, jua ni ramani gani na inakufikisha wapi.

Tambua ramani kwanza

Mwache aeleze chanzo cha ugonjwa, kisha sikiliza neno analolirudia. Akisema mizani imeyumba, yuko kwenye ukoo wa mizaji, wa Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, yenye nguvu tatu za vata, pitta na kapha, au wa tiba ya Kichina yenye nguvu mbili zinazokinzana za yin na yang. Akisema njia imeziba, huenda anazungumzia qi, nguvu ya uhai ambayo tiba ya Kichina husema inapita mwilini, au pingili za mgongo zilizohama kama alivyodai mwaka 1895 D. D. Palmer, mwanzilishi wa tiba ya kunyoosha mgongo (chiropractic). Akisema kinachofanana huponya kinachofanana, hiyo ni homeopathia ya Samuel Hahnemann, iliyoanza mwaka 1796. Na akisema sumu, endelea kumsikiliza kwa makini, maana neno hilo ndilo linalouza kuliko yote.

Swali la sumu

Uliza mambo matatu: sumu hiyo inaitwaje, ni kiasi gani, na imepimwa vipi kabla na baada ya tiba. Sumu halisi zina majina na vipimo. Madini ya risasi (lead) hupimwa kwenye damu, na kuna dawa maalumu za hospitali za kuitoa. Takataka za kawaida za mwili hushughulikiwa na ini na figo. Figo peke yake huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Anayetaka kuzisaidia anywe maji ya kutosha na aache vidonge vya maumivu asivyovihitaji.

Vifaa vya kuondoa sumu unaweza kuvijaribu mwenyewe. Beseni la umeme la kulowekea miguu, lile ambalo maji yake hugeuka kahawia, liwashe kwa muda uleule bila kuweka miguu. Maji yatabadilika rangi vilevile, kwa sababu ni vyuma vya mashine vinavyopata kutu ndani ya maji ya chumvi. Plasta ya unyayo idondoshee maji safi, nayo itakuwa nyeusi. Mshumaa wa sikio uchome mbali na sikio, uone kama "nta" haitabaki palepale. "Mawe ya nyongo" ya kijani yanayotoka chooni baada ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, kwa kawaida ni mafuta yenyewe yaliyogandamana kama sabuni tumboni. Yakipata joto huyeyuka, jambo ambalo jiwe la nyongo halifanyi.

Tenganisha maelezo na dawa

Hapa ndipo wengi hukosea, waumini na wapinzani kwa pamoja. Maelezo mabovu yanaweza kuambatana na dawa nzuri, na maelezo yanayovutia yanaweza kuambatana na maji matupu.

Tangawizi ni mfano wa upande wa kwanza. Kwa mizaji huitwa ya joto, na joto hilo halipimiki kwa kipimajoto, lakini gramu moja ya unga wake kwa siku, takriban nusu kijiko cha chai, ikigawanywa mara mbili au zaidi, hupunguza kichefuchefu kwa wajawazito wengi. Homeopathia iko upande wa pili. Dawa iliyoandikwa 30C imezimuliwa moja kwa mia mara 30, na kufikia mara ya 12 huwa ni bahati ukipata hata chembe moja ya kitu cha mwanzo. Haitakudhuru yenyewe, kinachodhuru ni wiki unazopoteza ukiitegemea.

Halafu kuna dawa iliyo sahihi ikaharibiwa na matayarisho. Mtafiti Tu Youyou wa China alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa qinghao, na matokeo hayakuwa thabiti. Maandishi ya tabibu wa Kichina Ge Hong ya karne ya 4 yalielekeza kuuloweka kwenye maji na kuukamua, si kuuchemsha. Tu akabadili njia, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na artemisinini, dawa ya malaria iliyomo kwenye mmea huo, ikapatikana. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 2015. Hata hivyo chai ya mmea huo haishauriwi na Shirika la Afya Duniani: kiasi cha dawa hutofautiana jani kwa jani, nayo artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Dozi pungufu humwacha kimelea hai, akajifunza kuistahimili.

Ukiamua kutumia mimea

Dai jina la kisayansi la mmea. Nchini Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo baada ya dawa ya kupunguza unene kuwekewa Aristolochia badala ya Stephania. Kwa Kichina majina ya mimea hiyo yanakaribiana.

Majani na maua yamwagie maji ya moto, funika dakika 5 hadi 10, kisha chuja. Kifuniko ni muhimu kwa sababu mafuta yenye harufu hutoka na mvuke. Mizizi na magome yachemshe kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 katika sufuria ya chuma kisichopata kutu. Pima kwa mizani ya jikoni. Kiganja si kipimo, na majani makavu huwa na nguvu kuliko mabichi ya uzito uleule kwa kuwa maji yametoka. Mchemsho weka kwenye friji, na ukipita saa 24 umwage. Asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kidogo: inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu.

Andika daftarini dawa zote unazotumia kabla ya kuongeza mmea. Mmea wa Hypericum perforatum (St John's wort) hulifanya ini livunje dawa haraka, hivyo huweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, ARV na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mkaa wa dawa hunasa vidonge tumboni. Susu, mzizi mtamu (licorice), ikitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Balungi huongeza kiwango cha baadhi ya dawa za kolesteroli kwenye damu.

Jihadhari zaidi na dawa "ya asili" ya viungo inayomaliza maumivu ndani ya siku moja au mbili, hamu ya kula ikapanda na uso ukaanza kuvimba. Mara nyingi ni steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, zimechanganywa kimyakimya. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikatize ghafla: tezi za juu ya figo huwa zimelala, na mwili unaweza kuzimia. Nenda nayo kwa daktari akupunguzie taratibu.

Jua kama imefanya kazi

Maumivu sugu hupanda na kushuka, na watu hutafuta tiba yakiwa kileleni. Hata wasipofanya kitu, wengi watapata nafuu. Kwa hiyo andika maumivu kwa alama 0 hadi 10 kila jioni, wiki mbili kabla ya kuanza na wiki nne baada ya kuanza, ukibadili jambo moja tu. Ukianza mchemsho, ukaacha sukari na kuanza kutembea siku hiyohiyo, hutajua cha kushukuru. Mafua hayafai kwa jaribio hili kabisa. Huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10.

Usisubiri daftari ukiona macho ya manjano, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, damu kwenye choo, kifua kubana, upande mmoja wa mwili kulegea, homa kwa mtoto mchanga, au uvimbe unaokua. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na kifua kikibana au upande mmoja ukilegea nenda papo hapo, na beba pakiti au kipande cha mmea wenyewe. Taja ulimeza kiasi gani na lini mara ya mwisho, hata kama unaona aibu kusema.