Kinangop: Pima Kina cha Mfinyanzi Kabla Trekta Haijaingia Shambani

Kila msimu wa kulima ukikaribia, matrekta yanazunguka Kinangop yakilima kila ploti kwa kina kilekile, kana kwamba ardhi yote ni moja. Dereva anashusha plau hadi inapokomea, mwenye shamba anasimama kando akifurahia mfuo mrefu, na jioni shamba lote limetapakaa mabonge ya kijivu. Wakulima wengi wanayaona mabonge hayo na kudhani wamechimbua rutuba iliyolala. Si rutuba. Ni udongo wa mfinyanzi wa chini ulioletwa juu, na mvua ya Machi ikianza, mfinyanzi huo ndio utakaoziba shamba, maji yasimame katikati ya mistari na viazi vianze kuoza kabla havijajaza kiganja.

Naelewa kosa hili lilikotoka. Familia nyingi zilizopewa mashamba huku miaka ya 1960 zilitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, kwenye udongo mwekundu unaoshuka mita kadhaa bila kubadilika. Kule ukichimba chini sana hupati hasara. Lakini uwanda huu, ulio kati ya milima ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hadi 2,700 hivi, ulikuwa mbuga ya nyasi za mafundo iliyokaa juu ya majivu ya volkano yaliyogandamana. Udongo wake una tabia nyingine kabisa, na desturi ya kule chini inauharibu.

Sehemu kubwa ya uwanda tambarare ni udongo unaoitwa planosoli. Ukichimba, unakutana kwanza na tabaka jeusi au la kahawia iliyokolea, lenye mboji ya mizizi ya nyasi. Chini yake mara nyingi kuna tabaka jembamba lililopauka, la kijivu au karibu jeupe, lenye vijiwe vidogo vyeusi kama punje za pilipili manga. Halafu ghafla, ndani ya sentimita chache tu, unagonga mfinyanzi mzito wa kijivu wenye madoa ya kutu. Ughafla huo ndio alama yake kuu: katika udongo mwingine mfinyanzi huongezeka polepole kadiri unavyoshuka, hapa unaongezeka kwa mkato.

Madoa na weupe huo vina maelezo. Mvua inapita tabaka la juu, inafika kwenye mfinyanzi, inakwama. Vijidudu vya udongo vinamaliza hewa iliyobaki ndani ya maji, na chuma kilichomo kinayeyuka na kuanza kutembea. Kiangazi kikifika hewa inarudi, chuma kinaganda tena kuwa kutu na vile vijiwe. Mzunguko huo ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, chuma kinachukua nafasi ya kalisi na magnesi, virutubisho hivyo vinaoshwa na maji, na hata mfinyanzi wa tabaka la juu unavunjika polepole. Ndiyo maana tabaka lililopauka lina asidi na ni maskini. Rutuba yako yote imekaa juu, kwenye lile tabaka jeusi, na wewe unalipa trekta ilizike.

Si kila shamba la Kinangop liko hivyo. Ukipanda kuelekea msitu wa Nyandarua unakuta andosoli, udongo wa majivu, mwepesi mkononi, mweusi na unaopitisha maji vizuri. Ule hauna shida ninayoieleza hapa. Kwenye mabonde kuna udongo mweusi wa pamba, yaani vatisoli, unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kunata ukilowa. Huo una mfinyanzi tangu juu, kwa hiyo hakuna mpaka wa kutafuta. Ramani ya udongo ya Kenya ya 1982 inaonyesha makundi haya, lakini ilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 1,000,000. Milimita moja ya ramani ile ni kilomita moja ya ardhi. Haiwezi kukuambia lolote kuhusu ekari zako mbili. Shimo ndilo litakaloeleza.

Chimba Januari au mapema Februari, na kwa mvua za vuli chimba Agosti. Kwa kila ekari chimba mashimo matano, ukienda kwa mshazari huku na huku, usiyapange kando ya njia. Kila shimo liwe na kina cha sentimita 60, na upande mmoja uwe umesimama wima na kuparuzwa kwa kisu ili tabaka zionekane. Usiangalie ukuta uliopakwa tope na jembe, utadanganyika. Weka futi kuanzia juu na uandike sentimita ambapo mfinyanzi unaanza. Andika, wazee wangu na akina mama. Msikariri kichwani, kwa sababu siku trekta inafika kila mtu anakumbuka namba yake.

Kama huna hakika ni mfinyanzi, chukua donge la ukubwa wa yai, lilowanishe, likande hadi lishikamane, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu yenye mfinyanzi mwingi. Ukipita 5 bila kukatika, umefika kwenye mfinyanzi wenyewe.

Sasa fuata namba ya shimo lenye mfinyanzi ulio karibu zaidi na juu, wala si wastani wa mashimo yote. Mfinyanzi ukianza kwenye kina cha sentimita 40 au zaidi, lima hadi 25. Ukianza kati ya 25 na 40, usipite 20. Ukianza kabla ya 25, usiingize plau ya diski kabisa: tumia jembe la uma, ulegeze udongo bila kuugeuza, au uache kipande hicho kiwe malisho. Sentimita 5 za akiba juu ya mfinyanzi ni za lazima. Dereva akikuambia trekta yake haiwezi kulima kina kifupi, tafuta dereva mwingine. Anaweza, ila hataki kushuka kurekebisha. Kata fimbo, itie alama ya kina chako, na ipime kwenye mfuo baada ya mita 10 za kwanza, kisha kila anapogeuza upande wa pili wa shamba. Kusimama kando ukiongea na simu wakati shamba linaharibiwa si kusimamia kazi.

Na usilime udongo ukiwa mbichi, hata kama foleni ya trekta imekufikia leo. Chukua udongo kutoka kina utakacholima, si wa juu uliokauka kwa jua, na uviringishe kati ya viganja. Ukitengeneza uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, rudisha trekta nyumbani. Diski itapaka mfinyanzi chini na kuulainisha, magurudumu yataukandamiza, nawe utakuwa umejitengenezea sakafu ya pili juu ya ile uliyozaliwa nayo. Uzi ukivunjika vipande kabla ya kufika hapo, lima.

Maji yaliyokwama juu ya mfinyanzi yanahitaji njia ya pembeni, maana chini hayapiti. Mistari ya viazi sentimita 75 na mbegu kila sentimita 30 mnaijua. Kinachosahauliwa ni mteremko wa mifereji kati ya matuta: sentimita 40 hadi 50 kwa kila mita 100, ukipimwa kwa kamba na pima maji. Jicho halitoshi kwenye uwanda huu, linaona tambarare tupu. Ukizidisha mteremko, maji yanabeba lile tabaka jeusi. Elekeza mifereji yote kwenye njia ya maji yenye nyasi, si kwenye shamba la jirani, na matuta yajengwe kwa udongo wa juu pekee.

Aliyekwisha kuleta mfinyanzi juu asilime tena kwa kina akidhani ataurudisha chini. Atauchanganya zaidi. Weka samadi iliyooza vizuri tani 4 kwa ekari, panda oti na vechi (mmea wa jamii ya kunde) msimu mmoja au miwili, mizizi ifanye kazi yake, na ng'ombe wasiingie shambani wakati wa mvua. Ukiona maji yanaisha kwenye mifereji ndani ya siku moja baada ya mvua kubwa, na viazi vinatoka safi, uko sawa.

Jambo la mwisho ni sampuli za maabara. Wengi wanapeleka kwenye maabara ya udongo ya Kabete mfuko mmoja uliochanganya tabaka jeusi, lililopauka na mfinyanzi, kisha wanashangaa majibu hayaeleweki. Chukua sentimita 0 hadi 20 kwenye mfuko mmoja, na 20 hadi 50 kwenye mwingine. Andika kina kwenye kila mfuko, na uandike pia sentimita ambapo mfinyanzi ulianza. Chokaa na mbolea vipimwe kwa majibu ya mfuko wa kwanza. Mfuko wa pili ni wa kukuonyesha unachopaswa kukiacha kilipo.