Kucheza Kirby's Pinball Land ukiwa Mtwara: safisha kwanza, bonyeza baadaye

Kirby's Pinball Land ilitoka mwaka 1993 kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Ni kazi ya HAL Laboratory, na ni tawi la mfululizo wa Kirby ulioanza mwaka uliotangulia kama gemu la kukimbia na kuruka. Humu Kirby, shujaa wa mfululizo huo, mwenyewe ndiye mpira: anabingirika kwenye meza yenye mteremko, nawe unamrudisha juu kwa vibao viwili asidondoke. Kila kitu kinategemea kubonyeza kwa wakati, kwa hiyo kitufe kinachosuasua kitakupotezea mipira hata uwe hodari vipi. Na kwa anayeishi Shangani, Mikindani au Lindi mjini, vitufe na katriji (kaseti ya gemu) huharibiwa na chumvi ya bahari kuliko na matumizi.

Kabla ya kununua mashine ya mtumba, jua inayofaa. Katriji hii inaingia Game Boy ya kwanza, Game Boy Color, Game Boy Advance na Advance SP. Game Boy Micro na Nintendo DS haziisomi, hata kama muuzaji anakuonyesha kwamba DS ya zamani ina tundu la katriji chini. Tundu hilo ni la gemu za Advance tu.

Ukiwasha Game Boy ya kwanza ikashusha nembo ya Nintendo iliyovurugika, au mstari mweusi mtupu, kisha ikaganda, usiseme imekufa. Mashine husoma nembo hiyo kutoka kwenye katriji na kuilinganisha na yake. Zisipofanana inagoma kuendelea. Mara nyingi tatizo ni uchafu kwenye meno ya shaba. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni unyevu na unyevu ndio ulioleta kutu. Nunua kwa fundi simu spiriti ya kusafishia bodi, ya asilimia 90 au zaidi (ya 70 ina maji mengi na hukawia kukauka). Chovya pamba ya masikio, sugua meno kwa kufuata urefu wake, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe, kisha acha dakika kumi. Hakuna haja ya kufungua katriji. Ukijani usiotoka, upitishe raba laini ya penseli kidogo sana, halafu rudia spiriti.

Vitufe vya Advance vinahitaji bisibisi yenye ncha ya Y, pamoja na ya msalaba kwa skrubu iliyo kwenye chumba cha betri. Ndani, chini ya kila kitufe, kuna mpira laini wenye doa jeusi la kaboni. Spiriti ipite kwenye bodi. Doa hilo lifute kwa kitambaa kikavu tu. Ukilisugua kwa nguvu linatoka, na kitufe ndiyo basi tena.

Advance hutumia betri mbili za AA. Taa ikigeuka nyekundu, badilisha. Usipocheza, zitoe, kwa sababu joto letu huzifanya zivuje upesi. Ukikuta unga mweupe, ufute kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha spiriti. Hifadhi vyote kwenye kopo linaloziba vizuri.

Sasa mchezo. Kibao cha kushoto kinainuliwa kwa kitufe cha msalaba, cha kulia kwa A. Wanaoanza hupiga vyote viwili kwa pamoja kila Kirby akikaribia, na hapo ndipo wanapofungua mwanya wa katikati. Piga kimoja. Akiteremka taratibu kutoka pembeni, inua kibao cha upande huo na ukishikilie: atatulia kwenye pembe. Ukiachia, ataanza kubingirika kuelekea ncha. Ukimpiga akiwa karibu na mzizi wa kibao huelekea juu au upande uleule. Akiwa karibu na ncha huvuka kwenda upande wa pili. Jifunze hilo tu kwa wiki nzima ukipenda, kwani bila hilo mengine ni bahati nasibu.

Meza ni tatu, kila moja kwa jina la adui wake mkuu: ya Whispy Woods, ya Kracko na ya Poppy Bros. Sr. Kila moja ina ghorofa tatu, na kuanguka kutoka ghorofa ya juu hakukupotezei mpira, kunakushusha tu. Kwa hiyo huko juu jaribu mapigo ya hatari. Tahadhari iweke ghorofa ya chini. Lengo ni kufika juu na kuifanya nyota itokee, ikupeleke kwa adui mkuu wa meza. Ukiwashinda wote watatu ndipo unapokutana na Mfalme Dedede, adui wa mwisho.

Ukidondoka chini kabisa bado una nafasi: Kirby anatua kwenye ubao wa kurusha. Bonyeza A kwa wakati sahihi ili akurushwe tena juu. Kila ukiutumia unazidi kuwa mgumu, hivyo usiutegemee kama mkoba wa akiba.

Kama alama zako za juu zinafutika kila ukizima, betri bapa iliyo ndani ya katriji imekwisha. Hapo unahitaji bisibisi ya katriji ya milimita 3.8. Soma namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, tafuta ya namba hiyohiyo yenye vibati vilivyokwisha kuchomelewa kiwandani, na mwambie fundi achomee risasi kwenye vibati hivyo, asiguse betri yenyewe. Ikipata moto wa chuma cha kuchomelea inaweza kupasuka.