Kabla redio ya zamani haijaingia kwenye dashibodi

Redio nyingi za magari za miaka ya 1950 na 1960 zinazoharibika leo haziuawi na uzee. Zinauawa siku ya kufungwa, ndani ya dakika ya kwanza, kwa sababu fundi aliona waya mweusi akadhani ni hasi. Kwenye Morris Minor, Land Rover Series II na magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ni chanya. Bodi nzima ni chanya, na ule waya mweusi nao ni chanya. Gamba la redio nalo ni chuma: ukiibana kwa bolti kwenye dashibodi, tayari umeshaiunganisha na bodi, hata kama hujagusa waya wowote.

Chukua mita, uiweke kwenye volti za DC. Kalamu nyeusi iguse bodi mahali penye chuma kitupu, nyekundu iguse temino ya betri isiyofungwa kwenye bodi. Ikisoma karibu +12, hasi ndiyo iko kwenye bodi. Ikisoma –12, ni chanya. Usitegemee mwaka wa gari wala kitabu chake, maana magari haya yamepita mikono mingi na mengine yalishageuzwa zamani. Ikisoma 6 tu, kama ilivyo kwenye Volkswagen Kobe (Beetle) nyingi za kabla ya 1967, tafuta redio ya volti 6 au yenye sehemu ya kuchagua 6 na 12. Redio kadhaa za Blaupunkt na Radiomobile zina plagi ndogo nyuma au ubavuni, inayochomolewa na kugeuzwa ili kubadilisha upande wa bodi, na nyingine zina moja ya volti. Soma maandishi yaliyo pembeni yake kwa tochi, na ukishaigeuza, hakikisha imezama hadi mwisho.

Kama redio haina plagi hiyo na pande hazilingani, unaweza kuligeuza gari: betri inageuzwa, nyaya mbili ndogo za koili (ile inayozalisha cheche za injini) zinabadilishana, na dainamo inafundishwa upya chanya na hasi yake kwa kuchomoa waya wa F (wa sumaku yake) kisha kuigusisha temino ya F na waya kutoka upande wa betri usio wa bodi, mguso wa sekunde moja tu. Ampmita itasoma kinyume mpaka nayo ugeuze nyaya zake. Kwetu sisi, kutafuta redio inayolingana na gari ni kazi ndogo kuliko hiyo. Gari likibaki na chanya kwenye bodi, usije ukachomeka simu kwenye chaja ya gari huku imeunganishwa na redio hiyo kwa waya wa sauti: ganda la plagi ya simu ni hasi, gamba la redio ni chanya, na hapo waya mwembamba wa simu ndio unaogeuka kuwa fyuzi.

Kabla hata ya kulipia redio, angalia itashika nini. Nyingi zina masafa ya kati (AM) tu, takriban 530 hadi 1600 kHz, na marefu ambayo huku kwetu hayana kazi. Zile za Ulaya zenye FM mara nyingi huishia 100 au 104 MHz, kwa hiyo Nairobi utaipata Capital FM kwenye 98.4, lakini Classic 105 itabaki nje ya mshale. Za Datsun na Toyota zilizotoka Japani zinashika 76 hadi 90 tu. Kipo kifaa kinachowekwa kati ya antena na redio kushusha masafa, kinafanya kazi, ila stesheni hukaa kwenye namba zisizo zake na zenye nguvu huingiliana.

Sasa redio iwekwe mezani, na ibaki mezani mpaka iimbe. Redio iliyokaa kimya miaka thelathini haipewi betri nzima ghafla. Unganisha taa ya breki ya 12V 21W katikati ya waya wake wa moto na betri. Redio yenye transista peke yake ikiwa nzima itaifanya taa iwake kwa mbali sana au isiwake kabisa. Taa ikiwaka kama iko nyuma ya gari, kuna shoti ndani, na taa imekuokolea transista za kutoa sauti. Spika lazima iwe imeungwa kabla ya umeme. Transista za jemaniamu za enzi hizo hazivumilii kuwashwa bila spika, wala kuwekewa spika yenye ohmu chache kuliko zilizoandikwa. Redio inayodai ohmu 4 haipewi spika mbili za ohmu 4 sambamba, kwa sababu hapo inaona 2. Chukua mbili za ohmu 8. Na nyaya zote mbili za spika zirudi kwenye redio. Usifunge mmoja kwenye bodi eti kuokoa waya, mpaka uwe umeona mchoro unaoruhusu.

Redio ya valvu, yaani ya zile taa za kioo za zamani, ina mambo yake. Hula ampea kadhaa, kwa hiyo taa ile ya 21W itawaka tu na haikuambii kitu. Tumia betri yenye fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye redio. Ndani yake kuna vaibreta, kidude kinachonguruma kama nzi kwenye chupa, kinachokatakata umeme wa betri ili transfoma iupandishe hadi volti mia mbili na zaidi. Ukiwasha na husikii mngurumo huo, zima upesi: huenda midomo yake imeshikana, na fyuzi ni ya kuungua. Kapasita iliyoko kwenye transfoma hiyo ibadilishwe bila kuulizwa kama ni nzima, kwa thamani ileile na uwezo wa volti 1600 au zaidi. Ikipasuka, inaondoka na vaibreta, na wakati mwingine na transfoma. Za karatasi na zile kubwa za elektroliti nazo zibadilishwe. Redio ikishawaka usiingize kidole ndani. Volti hizo si za betri.

Kwenye redio za transista za miaka ya 1960 kuna ugonjwa mmoja unaowachosha mafundi. Transista za AF114 hadi AF117 huota ndani ya kopo lao nywele nyembamba za bati, zikagusa bodi ya kopo, na redio ikawa bubu au ikashika stesheni moja hafifu. Zina miguu minne. Mmoja umeungwa kwenye kopo. Kuukata huo peke yake mara nyingi huirudisha redio, japo dawa ya kudumu ni kuweka transista nyingine.

Mezani ikiimba saa mbili bila kuchemka, ndipo uende kwenye gari. Toa temino ya betri kwanza. Kwenye Kobe betri iko chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti zinaweza kuigusa temino, basi ukiwa hapo uifunike kwa mpira. Umeme wa redio uchukue kwenye fyuzi inayotii ufunguo: magari ya Kiingereza ni waya wa kijani kwenye temino A4 ya kisanduku cha fyuzi, ya Kijerumani ni temino namba 15. Waya mweupe wa Kiingereza usiuguse. Hauna fyuzi na unakwenda moja kwa moja kwenye koili, utakuletea makelele yote ya injini. Waya wa 1.5 mm² unatosha redio ya transista. Ya valvu ya volti 6 ipe 2.5. Weka fyuzi ya peke yake karibu na unakochukua umeme: ampea 2 hadi 3 kwa transista, na kwa valvu ufuate kilichoandikwa kwenye redio. Shimo la dashibodi usilikate. Pima umbali wa kati kwa kati wa shafti mbili za redio, ulinganishe na matundu yaliyopo, na kama havilingani tengeneza kibao cha kuvaa mbele. Redio nzito ishikwe na kipande cha bati nyuma yake, isining'inie kwa nati mbili za vitufe.

Makelele yanatibiwa kwa kujua yanakotoka. Mlio wa tak-tak unaofuata kasi ya injini ni wa plagi za cheche. Mluzi unaopanda na kushuka ni wa dainamo. Pandisha mwendo wa injini kisha zima ufunguo, redio ikiwa imeungwa kwa muda moja kwa moja na betri: wa plagi unakatika hapohapo, wa dainamo unashuka pamoja na injini. Kisha chomoa antena. Kelele ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme. Kondensa ya 1 µF hukaa kwenye koili upande wa SW (unaotoka kwenye ufunguo), au 15 kwa Mjerumani. Ukiiweka upande wa CB (unaokwenda kwenye platini), au 1 kwa Mjerumani, cheche zinakufa na gari haliwaki. Nyingine ya 1 µF iwekwe kwenye D ya dainamo, inakotokea umeme, kamwe si F. Vifuniko vya plagi vyenye ohmu 5000 humaliza sehemu kubwa iliyobaki, na mkanda wa shaba kati ya boneti na bodi humaliza nyingine.

Antena haifanyi kazi bila chuma. Kwangua rangi chini ya madigadi pale inapobanwa, mpaka ung'avu uonekane, na mita isome chini ya ohmu 1 kati ya kitako chake na bodi. Waya wake usiurefushe kwa waya wa antena ya TV. Masafa ya kati yatadhoofika. Mwisho kabisa, vuta antena yote nje, tafuta stesheni hafifu karibu na 1400 kHz, na kwa bisibisi ya plastiki zungusha skrubu ndogo iliyo jirani na tundu la antena. Sauti itapanda, itafika kilele, itaanza kushuka. Rudisha kidogo mpaka kilele.