Kijana wako akipekuliwa na polisi Uingereza, ulizia karatasi

Mwanangu alisimamishwa akitoka mazoezini, begi la mpira begani. Nilipomuuliza karatasi iko wapi, akanishangaa: "Karatasi ya nini, mama?" Hata mimi nilikuwa nimeisikia kwa jirani tu, jamaa wa Mombasa.

Kwanza, mwambie mtoto asivutane na askari. Aulize tu. Sheria ya polisi ya mwaka 1984 (PACE) inamtaka askari, kabla hajagusa mfuko, aseme jina lake na kituo chake, anatafuta nini, anatumia sheria ipi, na kilichomfanya amshuku yeye ni kipi. Hilo la mwisho lishikeni. Rangi ya ngozi si sababu. Wala mtoto halazimiki kutaja jina au anwani kwa ajili ya kupekuliwa tu. Vijana wetu wengi hawalijui hilo, wanataja mpaka jina la babu.

Kisha aombe ile karatasi, yaani nakala ya maandishi ya upekuzi. Asipoipata siku hiyo, mna miezi 3 ya kuidai. Humo huulizwa asili yake. Watu wetu hukwepa kujibu wakiogopa mambo ya viza. Jibuni. Kwa majibu hayo ndipo inapohesabika kwamba weusi wanasimamishwa mara nyingi kuliko weupe.

Ukitukanwa kwa rangi yako, piga polisi kwa 101, au 999 kama kuna hatari, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Sema waziwazi kuwa ni ubaguzi. Tangu ripoti ya Jaji Macpherson ya 1999, iliyochunguza jinsi polisi walivyoshughulikia mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi London, neno la aliyetendewa, au la shahidi, ndilo linaloanza kuhesabiwa, si la askari.

Mimi sasa nimo kwenye kamati ya wakazi inayokagua upekuzi. Tunaletewa fomu zisizo na majina na video za kamera za kifuani. Fomu ikisema "alionekana ana wasiwasi", nauliza: nani hana wasiwasi akizungukwa na askari watatu? Wakati mwingine mkuu wao hukubali kwamba sababu haikutosha, na askari aliyeiandika hurudishwa kufundishwa.

Kuingia, waandikie polisi wa eneo lako uulize kama kamati inahitaji watu. Usomi wa sheria hautakiwi. Vikao vyetu ni jioni, na chai yao ni maji matupu. Mimi huenda na chupa yangu.