Somo: Mkanda wa taimingi umekatika kwenye Hiace ya 3L, hedi nimeifufua uani

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita Hiace yangu ilizima ghafla nikitoka Segera kuja Chalinze. Hakuna moshi wala kishindo, ilinyamaza tu. Nikapiga stata, injini ikazunguka kwa wepesi kama cherehani isiyo na kitambaa. Fundi wa kwanza akaniambia ninunue injini nzima. Sikununua.

Hatua ya 1: Acha stata. 3L ni injini ya dizeli ya Toyota, pistoni na valvu (milango ya hewa na moshi) zinapishana kwa nafasi ndogo mno. Mkanda ukikatika kamu (shafti ya kufungua valvu, inayozungushwa na mkanda huo) inasimama, valvu zilizokuwa wazi zinabaki zimening'inia, na kila ukipiga stata pistoni inazigonga upya. Kulisukuma gari likiwa kwenye gia ni yale yale. Nakiri, mimi nilipiga mara tatu.

Hatua ya 2: Fungua kava, tafuta kilichoua mkanda. Wangu ulikuwa umelowa oili kutoka sili ya mbele ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ukiweka mkanda mpya ukaiacha sili hiyo, jiandae kuvutwa kwa kamba tena. Beringi ya kukazia mkanda izungushe kwa vidole, ikikwaruza, tupa.

Hatua ya 3: Shusha hedi, kichwa cha injini kinachobeba valvu. Bolti zake legeza kidogo kidogo kutoka pembeni kwenda katikati, la sivyo hedi inapinda. Kwenye masizi ya pistoni zangu mbili nilikuta alama kama mwezi mwandamo, pale valvu ilipogonga. Alama hafifu haina neno. Ufa ndio wa kuogopa. Halafu pandisha kila pistoni juu kabisa, uipime kwa rula ya chuma. Itakayobaki chini kuliko wenzake, konrodi yake (fimbo inayoiunga na krenki) imepinda, na hapo kazi imeshuka chini ya hedi.

Hatua ya 4: Valvu. Bingirisha shina la kila moja juu ya kipande cha kioo. Iliyopinda utaiona inayumba kichwa. Kati ya nane, zangu nne zilikuwa zimekwenda. Hedi peleka kwa fundi wa kukereza vyuma akague gaidi za valvu (mirija ambamo mashina yake yanapita) na kusawazisha uso wa hedi, hiyo si kazi ya uani. Kusaga valvu nilisaga mwenyewe kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira, mpaka ukatokea mstari wa kijivu usiokatika kwenye siti, pale valvu inapokalia. Mimina mafuta ya taa kwenye matundu ya manifoldi (njia za hewa na moshi kwenye hedi). Yakipenya chini, saga tena.

Hatua ya 5: Kurudisha. Gasketi mpya ya hedi iwe na alama za unene sawa na ya zamani. Bolti kaza kuanzia katikati, kwa vipimo vya kitabu cha injini. Kabla ya kugusa kamu, rudisha krenki robo mzunguko ili pistoni zote zikae katikati ya silinda. Kisha linganisha alama tatu: krenki, kamu, pampu ya dizeli. Vaa mkanda, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama usilazimishe. Mwisho pima nafasi za valvu, maana kusaga huzipunguza, shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi hizo) zitabadilika.

Maswali

Mkuu, Corolla yangu ya injini ya 5A-FE mkanda umekatika. Nayo nishushe hedi?
Hapana. Hiyo pistoni zake hazifikii valvu. Weka mkanda mpya, linganisha alama, washa.

Nimenunua Hiace ya mtumba, mkanda nibadilishe lini?
Kitabu kinasema kilomita 100,000, na kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Lakini mita ya gari la mtumba unaiamini vipi? Badilisha wiki hii.

Kaka, nimefuata hatua zote, imewaka lakini inagonga na kutoa moshi mweupe.
Zima kwanza. Angalia alama ya pampu, huenda mkanda umeruka jino. Kama iko sawa, toa hewa kwenye dizeli. Yangu iliwaka vizuri mara ya tatu, baada ya kupampu kwa mkono mpaka kitufe cha juu ya filta kikawa kigumu.